Hesabu ya Walio Hai

Katika nchi yetu neno kansa likitajwa, watu hushusha sauti. Jirani akiugua malaria tutauliza amepewa dawa gani; akiugua kansa tutauliza amebakiwa na siku ngapi. Na ikiwa ni ile ya shingo ya kizazi, sauti hushuka mara mbili, maana hapo hofu ya kifo imechanganyika na haya. Mwanamke hufikiriwa kuwa amefanya jambo fulani hata akapatwa, na wakati mwingine yeye mwenyewe hujifikiria hivyo. Ndiyo sababu nimeona vema niandike habari za ugonjwa huu kwa upande usiosemwa mara nyingi, yaani upande wa waliopona. Wapo, tena ni wengi. Saratani ya shingo ya kizazi ikigunduliwa ingali ndani ya shingo hiyo, haijavuka mipaka yake, ni miongoni mwa saratani zinazotibika vizuri.

Mimi si daktari. Nimefundisha historia kwa miaka mingi, na mwalimu wa historia akiambiwa jambo huuliza limejulikanaje. Nani aliliona kwanza, nani aliliandika, nani alilibishia? Nilipouliza maswali hayo juu ya ugonjwa huu nilikuta kisa cha zaidi ya miaka 100, chenye madaktari hodari, ushindani mkali, na maelfu ya wanawake ambao majina yao hayakuandikwa popote. Nilikuta pia kwamba karibu kila maendeleo ya kweli yalitokana na mtu aliyekubali kuwahesabu wagonjwa wake wote, wazima na wafu, na kuionyesha hesabu hiyo kwa wengine. Hesabu ilipopuuzwa, wanawake walikufa bure.

Kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe. Shingo ya kizazi ni sehemu ya chini ya mji wa mimba, mlango ambao mtoto hupitia anapozaliwa. Saratani huanza kwenye ngozi laini ya mlango huo, tena polepole sana. Chembe zilizoharibika huweza kukaa juu juu kwa miaka 10 au zaidi kabla hazijaanza kuchimba. Zikishachimba huenea kwenye nyama za kandokando, kwenye matezi ya limfu ya nyonga, kisha kwenye kibofu, njia ya haja kubwa, na hata mapafu. Pande zote mbili za mlango huo hupita mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo, pamoja na mishipa mikubwa ya damu. Ni mahali pembamba kwa mtu mwenye kisu mkononi.

Mwezi Januari 1878, katika mji wa Breslau ambao sasa ni Wrocław nchini Polandi, daktari Wilhelm Alexander Freund alifungua tumbo la mgonjwa wa saratani hii na kuutoa mji wa mimba. Wengine walimwiga, lakini wengi wa wanawake waliopasuliwa hivyo miaka ile walikufa kwa kutokwa na damu au kwa uchafu ulioingia tumboni. Waliosalimika nao mara nyingi ugonjwa uliwarudia, kwa kuwa kutoa mji wa mimba peke yake kuliacha mizizi ya ugonjwa kwenye nyama za kando.

Tarehe 16 Novemba 1898, huko Vienna, Ernst Wertheim alifanya upasuaji mpana zaidi. Alitoa mji wa mimba, nyama za pembeni yake, sehemu ya juu ya uke, na matezi aliyoona yamevimba. Mpaka leo upasuaji wa namna hiyo huitwa kwa jina lake. Lakini kinachonivutia kwa Wertheim si kisu chake. Mwaka 1911 alichapisha kitabu chenye habari za wagonjwa 500 aliowapasua, na ndani yake aliwaandika waziwazi waliofia mikononi mwake. Katika 100 wa mwanzo walikufa karibu 30. Katika wote 500 walikufa karibu 1 kati ya kila 5, na kadiri miaka ilivyokwenda vifo vilipungua hadi karibu 1 kati ya 10. Wahenga wetu walisema mficha maradhi kilio humfichua. Methali hiyo sisi humwambia mgonjwa, lakini naona inamfaa daktari vilevile. Wertheim hakuwaficha wafu wake, na kwa sababu hiyo waliomfuata walijua pa kuanzia.

Mjini humohumo alikuwapo mwalimu wake, Friedrich Schauta, ambaye tangu 1901 alifanya upasuaji mpana kama huo kwa kupitia ukeni bila kulifungua tumbo. Vifo vyake vilikuwa vichache kuliko vya Wertheim, ila kwa njia hiyo matezi ya nyonga hayakuweza kufikiwa. Wawili hao walishindana kwa miaka mingi, kila mmoja akiwa na wafuasi wake, na hakuna aliyemshinda mwenzake kabisa. Utaona, msomaji, kwamba mashindano ya namna hii hayakuisha kwao.

Wiki chache tu baada ya upasuaji ule wa Novemba 1898, yaani mwezi Desemba mwaka huohuo, Marie Curie na mumewe Pierre walitangaza mjini Paris kwamba wamegundua kitu kipya walichokiita radiamu. Haikuchukua muda mrefu kuonekana kwamba mionzi yake huua chembe. Mwaka 1903 daktari mwanamke wa New York, Margaret Cleaves, aliiweka radiamu karibu na saratani ya shingo ya kizazi ya mgonjwa wake. Shingo ya kizazi ilifaa sana kwa tiba hii, kwa kuwa kichupa chenye radiamu kinaweza kupitishwa ukeni na kuwekwa palepale penye uvimbe bila kumchana mtu popote. Mjini Stockholm ilifunguliwa mwaka 1910 hospitali ya radiamu iitwayo Radiumhemmet, na mjini Paris Claudius Regaud na wenzake wakabuni njia yao ya kutumia dozi ndogo kwa siku nyingi. Wanawake waliokwisha kuambiwa kwamba hawafai kupasuliwa walianza kupona.

Basi ukazuka mzozo. Wapasuaji walisema tiba yao ni bora, na watu wa radiamu wakasema hivyohivyo, kila upande ukiwa na takwimu zake. Tatizo likawa kwamba takwimu hizo hazikulingana. Mpasuaji humchagua mgonjwa. Aliye hoi humwacha. Mwanamke aliyekataliwa na mpasuaji alikwenda kwenye radiamu, na akifa alihesabiwa huko. Ni kama walimu wawili wanaoshindana kwa matokeo ya mtihani, mmoja akiwa amechagua wanafunzi wake na mwingine amepokea waliobaki. Nani angeweza kusema yupi anafundisha vizuri?

Aliyesaidia kuutatua mkanganyiko huo alikuwa James Heyman wa Radiumhemmet, pamoja na wenzake waliokusanywa na Shirikisho la Mataifa, shirika lilelile lililoikabidhi Uingereza nchi ya Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1929 walitoa mpango wa kuugawa ugonjwa katika hatua 4. Hatua ya kwanza ni ugonjwa ulio ndani ya shingo ya kizazi tu. Ya pili umevuka kidogo. Ya tatu umefika kwenye ukuta wa nyonga au sehemu ya chini ya uke. Ya nne umeingia kibofuni, kwenye njia ya haja kubwa, au mbali zaidi. Walikubaliana pia kwamba kila hospitali ihesabu wagonjwa wake wote, na iseme ni wangapi wako hai baada ya miaka 5. Mwaka 1937 Heyman alianza kuchapisha taarifa za hospitali mbalimbali pamoja, kwa vipimo vilevile. Mpango wa hatua umefanyiwa marekebisho mara nyingi, mara kubwa ya karibuni ikiwa 2018, lakini msingi wake ni uleule. Daktari wa Dar es Salaam au Nairobi akisema leo "hatua ya kwanza", anatumia lugha iliyotungwa miaka hiyo ili watu waache kudanganyana.

Hesabu hiyo ilionyesha jambo ambalo hakuna mpasuaji wala mtu wa mionzi aliyeweza kulibisha. Tofauti kati ya tiba na tiba ilikuwa ndogo; tofauti kati ya hatua na hatua ilikuwa kubwa mno. Hata siku hizi iko hivyo. Nchini Marekani, wanawake ambao saratani hii imegunduliwa ikiwa bado mahali pake, zaidi ya 9 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka 5. Waliogunduliwa ikiwa imesambaa mbali, ni karibu 2 kati ya 10 tu. Hospitali ni zilezile, na dawa pia. Kinachowatofautisha zaidi ni wakati ugonjwa ulipoonekana.

Upasuaji nao haukukaa kimya. Kwa muda mrefu radiamu ilitawala, kwa kuwa haikuua watu mezani. Lakini kufikia miaka ya 1940 mambo yalikuwa yamebadilika: damu ya kuongezewa ilipatikana, dawa za kuua vijidudu zilikuwepo, na nusukaputi ilikuwa salama zaidi. Mwaka 1944 Joe Vincent Meigs wa Boston alitangaza kwamba ameurudia upasuaji wa Wertheim na kuongeza juu yake kazi ya kutoa matezi yote ya nyonga. Vifo vya mezani vilikuwa vichache sana, na wagonjwa wake wa hatua ya kwanza walipona kwa wingi. Tangu hapo mwanamke mwenye ugonjwa wa mapema amekuwa na njia mbili mbele yake.

Wakati huohuo mtu mwingine alikuwa akitafuta namna ya kuuona ugonjwa kabla haujawa ugonjwa. George Papanicolaou, mhamiaji kutoka Ugiriki aliyefanya kazi New York, alianza kwa kuchunguza majimaji ya ukeni ya wanyama wadogo waitwao simbilisi. Mkewe Andromache alijitolea kupimwa naye mara kwa mara kwa miaka mingi. Kwa hadubini Papanicolaou aliona kwamba chembe za saratani hubanduka na kuonekana katika majimaji hayo. Alilisema jambo hilo mwaka 1928 na halikupokelewa kwa shangwe. Mwaka huohuo Aurel Babeș wa Rumania alichapisha kazi iliyofanana nayo. Ilibidi Papanicolaou angoje hadi 1941, alipochapisha matokeo pamoja na Herbert Traut, ndipo wakubwa wa tiba wakaanza kusikiliza. Kipimo cha Pap kimeitwa kwa kifupi cha jina lake. Nchi kama Finland iliyowaita wanawake wote kupimwa kwa utaratibu tangu miaka ya 1960, na Uingereza iliyoanza mpango wa kuwaita kwa barua mwaka 1988, ziliona vifo vikishuka sana.

Lakini takwimu nzuri zisitusahaulishe kwamba kila tarakimu ni mtu. Mwezi Januari 1951, mwanamke Mwamerika mweusi aitwaye Henrietta Lacks, mama wa watoto 5, alikwenda katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore kwa sababu ya kutokwa na damu na kuhisi kitu ndani yake. Ugonjwa ulionekana kuwa wa hatua ya kwanza. Alitibiwa kwa radiamu kama ilivyokuwa desturi. Tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka 31. Baadaye ilithibitika kwamba saratani yake ilikuwa ya aina nyingine, inayoanzia kwenye vitezi vya shingo ya kizazi. Chembe zilizochukuliwa kwake bila ridhaa yake zilikua maabara pasipo kufa, na zinatumika duniani kote hadi sasa kwa jina la HeLa. Nimemtaja kwa sababu hatua ya kwanza ni tumaini kubwa lakini si hati ya dhamana, na daktari mwaminifu humwambia mgonjwa yote mawili.

Nimesema kwamba hesabu ilipopuuzwa wanawake walikufa bure. Mfano ninaoufikiria ulitokea Auckland, New Zealand. Mwaka 1966 daktari Herbert Green wa hospitali ya National Women's aliruhusiwa kufanya uchunguzi kwa wanawake wenye chembe mbaya za juu juu, zile ambazo hazijaanza kuchimba. Yeye hakuamini kwamba chembe hizo hugeuka saratani, akaamua kuwaangalia wengine bila kuwatibu kikamilifu. Wengi wao hawakuambiwa kwamba wamo katika majaribio. Wenzake waliona mambo yanaharibika wakasema, lakini hawakusikilizwa. Mwaka 1984 baadhi yao walichapisha hesabu, na mwaka 1987 waandishi Sandra Coney na Phillida Bunkle waliiandika habari hiyo gazetini. Mwaka 1988 hakimu Silvia Cartwright alitoa ripoti ya tume iliyoubadilisha utaratibu wa haki za wagonjwa katika nchi hiyo. Mwaka 2008 ilichapishwa hesabu ya mwisho. Kati ya wanawake ambao walikatwa kinyama kidogo cha kupimwa na kuachwa hivyo, karibu 31 kwa kila 100 walipata saratani ndani ya miaka 30. Kati ya waliotibiwa sawasawa, haikufika hata 1 kwa kila 100.

Niliposoma tarakimu hizo nilizifunga kwanza, nikatoka nje. Hakuna tiba ya saratani ninayoijua iliyo na pengo kubwa kama hilo kati ya kutenda na kutotenda. Na tiba yenyewe ya hatua hiyo ni jambo dogo: kugandisha kwa baridi, kuchoma kwa joto, au kukata kipande kidogo. Mara nyingi mama hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Sasa nirudi kwenye lile swali la kisu na mionzi, kwani nami lilinifikia. Mwaka 2003 wifi yangu, akiwa na miaka 38, aliambiwa ana saratani hii katika hatua ya kwanza. Alikuwa ameona damu nje ya siku zake, akaenda hospitali bila kumngoja mtu. Mpasuaji mmoja alimwambia akubali kupasuliwa upesi; daktari mwingine akamwambia mionzi inatosha. Alikuja kwangu akaniambia, "Wifi, wewe unayesoma vitabu, niambie basi, kisu au mionzi?" Nilimjibu kwamba jibu si langu, lakini nitatafuta walioshahesabu. Daktari mmoja tunayefahamiana alinipa nakala ya makala iliyochapishwa mwaka 1997 na Fabio Landoni na wenzake wa Italia.

Waitalia hao walifanya jambo ambalo Vienna na Stockholm hazikulifanya. Kati ya 1986 na 1991 waliwachukua wanawake 343 wenye ugonjwa wa mapema, wakawagawa kwa bahati nasibu, nusu wapasuliwe na nusu wapewe mionzi. Hivyo hakuna aliyemchagua mgonjwa. Baada ya miaka 5 waliokuwa hai walikuwa 83 kwa kila 100 katika kundi la kwanza, na 83 kwa kila 100 katika kundi la pili. Mzozo wa miaka 80 ukaishia kwenye sare. Waliokuwa na uvimbe mdogo walifanya vizuri zaidi, karibu 9 kati ya 10. Waliokuwa na uvimbe uliozidi sentimita 4, kama 7 kati ya 10, tiba iwayo yoyote. Tofauti ilikuwa katika maumivu yaliyofuata. Madhara makubwa yaliwapata 28 kwa kila 100 waliopasuliwa, na 12 kwa kila 100 waliopewa mionzi, kwa sehemu kwa sababu karibu theluthi mbili ya waliopasuliwa walilazimika kupewa mionzi pia baadaye, wakabeba mizigo miwili.

Nilimsomea wifi yangu polepole, kwa Kiswahili, tukiwa tumekaa ukumbini kwake. Nilimweleza kwamba mionzi ingezima ovari zake na kumkomesha hedhi mapema, na kwamba mpasuaji angeweza kuziacha. Nilimweleza pia juu ya kibofu kulegea na miguu kuvimba. Aliuliza uvimbe wake una ukubwa gani, nikamwambia hilo akamuulize daktari wake. Aliambiwa hauzidi sentimita 2. Alichagua kupasuliwa. Yu hai mpaka leo ninapoandika, na mguu wake mmoja huvimba akisimama sana. Sisemi kwamba kila mwanamke achague kama yeye. Mwenye uvimbe mkubwa zaidi angekuwa na sababu ya kuchagua mionzi, hasa baada ya mwaka 1999, ilipotangazwa Marekani kwamba kuongeza dawa ya sisplatini wakati wa mionzi hupunguza vifo kwa kiasi kikubwa. Ninachosema ni kwamba aliamua akiwa anajua.

Ungedhani baada ya hapo mambo yametulia. Hayakutulia. Tangu miaka ya 1990 wapasuaji walianza kuufanya upasuaji wa Wertheim kwa matundu madogo tumboni na kamera, kisha kwa mashine zinazoitwa roboti. Kovu dogo, damu kidogo, na siku chache wodini. Ilionekana hakuna hasara, na hospitali nyingi tajiri zikahamia huko. Pedro Ramirez na wenzake katika nchi mbalimbali walitaka kuthibitisha kwamba njia mpya ni salama sawa na ya zamani. Wakawagawa kwa bahati nasibu wanawake 631 wenye ugonjwa wa mapema. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yaliwashtua hata wao. Katika kundi la matundu madogo walikufa 19; katika kundi la kufunguliwa tumbo, 3. Majaribio yalisimamishwa kabla ya wakati, na wapasuaji wengi wakarudi kwenye kisu cha zamani. Sisi ambao hospitali zetu hazikuwa na roboti tulikuwa, bila kujua, tukifanya kilicho bora.

Upande mwingine hesabu imeruhusu kupunguza kisu. Mwaka 1987 Daniel Dargent wa Lyon, Ufaransa, alianza kuitoa shingo ya kizazi na kuuacha mji wa mimba, ili mwanamke kijana mwenye uvimbe mdogo aweze bado kuzaa. Na wengi wamezaa. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya wanawake 700 wenye uvimbe usiozidi sentimita 2. Nusu walifanyiwa upasuaji mpana, nusu walitolewa mji wa mimba kwa njia ya kawaida bila kukatwa nyama za kando. Baada ya miaka 3 ugonjwa ulikuwa umerudi nyongani kwa wachache sana pande zote mbili, kama 2 au 3 kwa kila 100, na waliokatwa kidogo walisumbuka kidogo na mkojo. Kwa wanawake wa namna hiyo, mengi ambayo Wertheim aliyakata sasa yanaweza kuachwa.

Na kwetu je? Ukipita barabara ya kando ya bahari jijini Dar es Salaam utaona jengo la kale la hospitali lililojengwa na Wajerumani na kufunguliwa mwaka 1897, mwaka mmoja kabla ya upasuaji wa Vienna. Robert Koch mwenyewe aliwahi kufanya kazi hapo. Baadaye wengi walilijua kama mahali pa kujifungulia. Leo ndiyo Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyofanywa taasisi kamili kwa sheria ya mwaka 1996. Kwa makadirio ya mwaka 2020, wanawake zaidi ya 10,000 wa Tanzania hupata saratani ya shingo ya kizazi kwa mwaka, na zaidi ya 6,000 hufa kwayo. Ukiwa umesoma mpaka hapa utakuwa umeelewa sababu yake. Wengi wao hufika ugonjwa ukiwa umekwisha kuvuka hatua ile ya kwanza. Mzozo wa kisu na mionzi hauwahusu tena. Kwao hubaki mionzi na dawa, tena kama mashine inafanya kazi. Jirani zetu wa Uganda walikuwa na mashine moja tu ya mionzi katika hospitali ya Mulago. Ilipoharibika kabisa mwaka 2016, wagonjwa walingoja hadi mpya ilipoanza kazi mwanzoni mwa mwaka 2018. Anayengoja hivyo hapandi hatua kwa mapenzi yake.

Hata hivyo nina sababu ya kutokata tamaa. Mwaka 1983 na 1984 Harald zur Hausen wa Ujerumani na wenzake walitambua virusi vya HPV vinavyosababisha saratani hii, namba 16 na 18, na namba 18 vilikutwa hata katika chembe za Henrietta Lacks. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Virusi hivi huwapata karibu watu wote, wanaume kwa wanawake, wakati fulani wa maisha yao ya ndoa au mapenzi, na wengi huvishinda bila kujua. Kwa hiyo ile haya niliyoitaja mwanzoni haina msingi. Aliyepata saratani hii hakufanya lolote ambalo jirani yake hakulifanya. Chanjo ilipatikana mwaka 2006. Rwanda iliwachanja wasichana wake nchi nzima kuanzia 2011, Tanzania 2018, Kenya 2019. Na ni nchini Kenya, kwa wasichana na wanawake vijana 2,275, ilikoonyeshwa mwaka 2022 kwamba dozi moja tu hukinga vizuri sana. Mwaka 2024 Tanzania nayo ilihamia kwenye dozi moja.

Kwa mama ambaye umri wa chanjo umempita, kuna kipimo ambacho muuguzi hukifanya kwa siki nyepesi na taa: panapogeuka peupe hutazamwa zaidi, na mara nyingi hutibiwa hapohapo. Anayeishi na virusi vya UKIMWI asikose kupimwa, kwani hatari yake ni kama mara 6 ya mwingine. Na yeyote anayeona damu nje ya siku zake, au baada ya kukutana na mumewe, au baada ya hedhi kukoma, aende akaangaliwe wiki hiyohiyo, asisubiri mavuno wala kufunga shule.

Ombi langu jingine ni kwa hospitali zetu. Wanawake wetu wanaotibiwa mapema na kurudi vijijini, wengi hatujui wako wapi baada ya miaka 5. Mtu akifa tunasikia msiba. Akipona hurudi shambani na hakuna anayemwandika. Hivyo katika mawazo ya watu ugonjwa huu umebaki na wafu tu. Wertheim aliwatafuta wagonjwa wake na kuwaandika miaka ambayo simu zilikuwa chache na wengi walipatikana kwa barua. Siku hizi karibu kila nyumba ina simu ya mkononi. Daftari, karani mmoja, na simu moja kwa kila mgonjwa mara moja kwa mwaka vingetosha kuanza.